Kutoka "Nilichaguliwa" Mpaka "Nimeomba": Historia Kidogo ya Ifakara

Msimu wa maombi umeshaingia. Kuna anayetafuta nafasi ya digrii ya kwanza, kuna anayehangaikia mkopo, na kuna wale wenzangu na mimi wenye digrii tayari, ambao tunaambiwa kila kukicha kwamba digrii moja siku hizi ni sawa na cheti cha darasa la saba, kwa hiyo tukimbilie masters. Leo sitatoa mbinu za kujaza fomu. Wa kufanya hivyo wapo wengi na wengine wanalipisha. Nataka tuongee historia, na nitaitazama nikiwa nimesimama Ifakara, Bonde la Kilombero. Kwanza, upande wa mama yangu uko kule. Pili, mji ule wa mpunga, baiskeli na mbu umeonja karibu kila njia ya kumpata msomi ambayo nchi hii imewahi kujaribu.

Tuanze na neno. Muulize mzee yeyote aliyesoma miaka ya sitini au sabini ilikuwaje akafika chuo. Atakwambia "nilichaguliwa". Alichaguliwa kwenda Kwiro kule Mahenge, akachaguliwa kwenda Mkwawa, akachaguliwa kwenda Mlimani. Sasa muulize kijana wa leo. "Nimeomba." Nimeomba UDSM, nimeomba Muhimbili, nimeomba Dodoma, nimeomba mkopo, nimekata rufaa ya mkopo. Sijui kama mmewahi kulitafakari hili. Mzee wako alikuwa anatendewa, wewe unatenda. Ukipendwa unaweza kuita uhuru. Lakini mwenye kuomba ndiye anayekosa usingizi.

Zamani kulikuwa hakuna cha kuomba, kwa kweli. Kabla ya 1961 Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Aliyetaka digrii ndani ya Afrika Mashariki alielekea Makerere, Kampala, na walioipata nafasi hiyo walihesabika. Mwalimu Nyerere alipenda kukumbusha kwamba tulipopata uhuru tulikuwa na madaktari 12 na wahandisi wawili. Oktoba 1961 ndipo kikafunguliwa chuo cha Dar es Salaam, tena kwa kitivo kimoja tu, sheria, na darasa ambalo lingeenea kwenye daladala moja na viti vikabaki. Sasa fikiria kijana wa Kimbunga au Kindamba wa wakati ule, amekulia pembezoni mwa mto, shule ya kueleweka iko ng'ambo, Mahenge, kwa Wakapuchini. Kuifikia ni kuvuka Mto Kilombero kisha kupanda milima. Mvua zikichachamaa bonde lote linakuwa ziwa. Mtihani wa kwanza ulikuwa mto.

Lakini Ifakara ilikuwa na jambo lake la pekee. Mwaka 1949 alifika pale mtaalamu wa wanyama kutoka Basel, Uswisi, anaitwa Rudolf Geigy. Wamisionari wa Kikapuchini wa Uswisi walikuwa wameshaota mizizi, kwa hiyo alikuwa na wenyeji wa kumpokea. Alichofuata yeye ni wadudu: mbung'o, mbu, na wale papasi wanaojificha kwenye sakafu za udongo na kuleta homa ya papasi. Mwaka 1957 maabara ndogo ikafunguliwa rasmi pale Ifakara, chini ya taasisi ya magonjwa ya tropiki ya Basel. Vijana wa Kizungu wakawa wanakuja kukusanya data, wanarudi kwao kuandika tasnifu, wanakuwa madokta. Vijana wa Ifakara walishika mitego, wakachimba sakafu kutafuta papasi, wakabeba maboksi. (Nikisoma sehemu hiyo ya historia huwa najiuliza ni PhD ngapi za Ulaya zimetoka kwenye nyumba za udongo za bibi zetu. Haya, tuendelee.)

Mwaka 1961, mwaka ule ule wa uhuru na wa kile kitivo cha sheria, Geigy na wafadhili wa Basel, ambao fedha zao zilitokana na viwanda vya dawa vya mji ule, wakafungua Ifakara kituo cha kufundisha wahudumu wa afya wa vijijini. Kiliitwa Rural Aid Centre. Hapa ndipo kisa changu kinaponoga.

Nchi ilikuwa haina madaktari na isingeweza kungoja miaka saba kumpata mmoja. Kwa hiyo ikajenga ngazi. Chini kabisa alikuwa RMA, mtu wa shule ya msingi aliyefundishwa kutibu zahanati. Juu yake Medical Assistant, yule ambaye leo tunamwita Afisa Tabibu au CO. Juu yake AMO, Daktari Msaidizi, ambaye alifundishwa mpaka upasuaji. Na juu kabisa MD wa Muhimbili, ambako shule ya udaktari ilianza 1963. Kituo cha Ifakara nacho kikakua na hiyo ngazi, na miaka ya 1970 kikawa chuo cha Medical Assistants. Siku hizi pale panaitwa TTCIH.

Utaratibu wa ngazi ulikuwa hivi. Unasoma, unapelekwa kazini, zahanati ya mbali, miaka inapita. Ukionekana unafaa unarudishwa darasani kwa daraja linalofuata. Unarudi kazini tena. Mtu aliweza kuanza na darasa la saba na cheti cha RMA akaishia kushika kisu chumba cha upasuaji, akiwa na mvi. Hakuna aliyemcheka kwa kuingia darasani na miaka 38. Wenzake wote walikuwa na umri huo, na watoto nyumbani.

Wala msidhani hao watu wa ngazi walikuwa wababaishaji. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliolinganisha upasuaji wa dharura wa wajawazito uliofanywa na AMO na ule uliofanywa na madaktari wenye digrii, hospitali za Mwanza na Kigoma. Watafiti hawakuona tofauti ya maana katika matokeo. Wengi wetu tunaosoma hapa tumezaliwa mikononi mwa watu ambao leo wasingeitwa hata kwenye usaili.

Nisiwapambie zama hizo, maana nazo zilikuwa na presha zake. Oktoba 1966 wanafunzi wa Mlimani waliandamana kupinga sheria ya kuwalazimisha kwenda JKT, pamoja na kukatwa asilimia 60 ya mishahara yao katika kipindi kirefu cha utumishi huo. Mwalimu aliwasikiliza Ikulu, akakasirika, akatangaza kujikatia mwenyewe mshahara, kisha akawafukuza karibu wanafunzi 400. Wakarudi vijijini kwao. Mzazi aliyekuwa akitamba kijiji kizima kwamba mwanawe yuko chuo kikuu, anamwona mwanawe huyo anashuka kwenye basi na sanduku. Wengi wao walirudishwa baadaye.

Halafu likaja Azimio la Musoma, Novemba 1974. Hili vijana wengi wa rika langu hawalijui kabisa, na nashangaa kwa nini halifundishwi kama kisa cha ajabu kilivyo. Baada ya Azimio, kumaliza Form Six na kupita JKT hakukutosha kukupeleka chuo kikuu. Ilikupasa ufanye kazi kwanza, angalau miaka miwili. Na ukitaka kwenda, ulihitaji mwajiri wako akusemee na tawi la TANU likusemee. Wasichana walilegezewa miaka michache baadaye, idadi yao ilipoporomoka, kwa kuwa wengi wakishaingia kazini na kuolewa ndiyo inakuwa kwaheri chuo. Wavulana walingoja mpaka katikati ya miaka ya 1980.

Hebu tulitazame hilo kwa macho ya Kilombero. Kijana amepangiwa kazi kiwanda cha sukari pale Kidatu, au reli ya TAZARA iliyokuwa inakamilishwa, inapita Mang'ula, Ifakara, Mlimba. Ana pasi nzuri mfukoni. Hatima yake iko kwa meneja wa idara na katibu wa tawi. Ukimjibu katibu vibaya kwenye kikao cha Jumamosi, Mlimani utaisikia redioni. Hiyo nayo ni presha. Mtu alikuwa anachunga mdomo miaka miwili.

Lakini kuna kitu ndani ya barua ile ya tawi ambacho nimekifikiria sana wiki hizi. Barua ile iliandikwa na watu wengine kuhusu wewe. Leo barua unaandika wewe kuhusu wewe. Nitarudi hapo.

Miaka ya 1990 mambo yakageuka. Serikali ikaanza kuingiza uchangiaji wa gharama, mzazi naye atie mkono mfukoni. JKT ya lazima ikasitishwa 1994 (ikarudi 2013). Vyuo binafsi vikachipua. Mwaka 2004 ikapitishwa sheria ya Bodi ya Mikopo, na Bodi ikaanza kazi 2005. Mwaka huo huo ikatungwa sheria ya vyuo vikuu iliyoleta TCU. Kisha zikaja shule za kata. Mwaka 2005 sekondari zetu zilikuwa na wanafunzi laki tano na ushee. Mwaka 2010 walikuwa milioni moja na laki sita. Miaka mitano tu! Majengo yalijengwa kwa mbio, walimu hawakupatikana kwa mbio hizo, na mavuno yake tuliyaona kwenye matokeo ya Form Four ya 2012, ambapo karibu watahiniwa 6 kati ya 10 walipata sifuri. Taifa zima lilitikisika, Waziri Mkuu akaunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Nakumbuka magazeti yalivyobishana. Waliobishana kidogo ni wale wenye sifuri zao, maana walikuwa wameshajifungia ndani.

Waliopenya kwenye tundu hilo ndio walikutana na kompyuta. Kuanzia 2010 maombi ya vyuo vikuu yalipitia mfumo mmoja wa TCU, ule wa CAS. Unajaza machaguo yako, unalipia, mashine inakupangia. Kwa namna fulani tulirudi kwenye "nilichaguliwa", ila aliyekuchagua hana sura na huwezi kumpelekea mzee akakuombee msamaha. Watu walipangiwa kozi wasizozipenda na mikoa wasiyoijua. Mwaka 2017 Rais Magufuli, akizindua mabweni ya UDSM, akasema TCU iache kuwapangia wanafunzi vyuo. Tangu hapo kila mtu anaomba moja kwa moja chuoni. Chuo kimoja, akaunti moja, nywila moja, ada moja. Ukiomba vyuo vitano, zidisha kwa tano.

Kwa mtoto wa Masaki hayo ni mambo ya jioni moja na laptop. Kwa mtoto wa Mngeta au Mlimba ni safari. Kipande cha barabara kati ya Kidatu na Ifakara kilikuwa vumbi kiangazi na tope masika kwa miongo mingi. Upande wa Ulanga na Malinyi watu walitegemea kivuko mpaka lilipofunguliwa daraja 2018, lenye urefu wa zaidi ya mita 380, na miaka miwili tu kabla ya hapo, Januari 2016, kivuko kilipigwa na dhoruba kikazama na watu wake. Hao waliokuwa wanavuka wengine walikuwa na bahasha za kaki mikononi, kama kila siku. Maana fomu ya mkopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, cheti cha kifo kama umefiwa na mzazi, sahihi ya serikali ya mtaa au kijiji, muhuri wa hakimu au wakili. Ada ya maombi yenyewe kwa miaka kadhaa imekuwa shilingi 30,000, hela ambayo kwa mkulima wa mpunga kabla ya mavuno si hela ndogo. Yatima anatakiwa athibitishe uyatima wake kwa karatasi, na baba alizikwa kijijini bila mtu kukumbuka karatasi.

Sasa turudi Ifakara, upande wa maabara, kwa sababu huko ngazi ilifanya jambo jingine. Mwanzoni nilisema vijana wa pale walibeba maboksi ya PhD za wengine. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 na 1990 mkondo ukaanza kugeuka. Watanzania wakaanza kwenda Basel wenyewe. Dk. Andrew Kitua aliandikia malaria ya watoto wachanga wa Idete, kijiji cha bonde lile lile, akakiongoza kituo cha Ifakara, baadaye akawa mkurugenzi mkuu wa NIMR. Dk. Hassan Mshinda naye alikiongoza kabla ya kwenda kuongoza COSTECH. Kule Idete ndiko lilikofanyika jaribio maarufu la chanjo ya malaria ya SPf66, matokeo yakatoka 1994, yakaonyesha kinga ya asilimia 31 hivi. Mwaka 1996 kituo kikawa cha Kitanzania kisheria, na 2008 kikaitwa Ifakara Health Institute. Leo kuna kijiji kinaitwa Kining'ina, nje kidogo ya mji, ambako taasisi hiyo ina vibanda vikubwa vya wavu vya kufugia mbu na kuwachunguza, watu wanapaita Mosquito City. Vijana kutoka Mwanza, Arusha, mpaka Kenya na Ulaya, wanaomba nafasi kwenda kukaa na mbu wa Ifakara. Mjomba wangu haamini mpaka leo kwamba kuna mtu analipa nauli kwa ajili hiyo.

Ukizisoma njia za hao waliofika Basel, London au Glasgow kupitia Ifakara, ile ngazi ya matabibu inajitokeza tena. Wengi hawakutoka darasani wakaingia darasani. Walifanya kazi kwanza, wakiwa madaktari wa wilaya, wasaidizi wa utafiti, watu wa kuingia nyumba kwa nyumba na dodoso. Walipofika mahali pa kuandika maombi walikuwa na kitu cha kusema. Mwenye swali lake la utafiti alilolibeba miaka mitatu haandiki barua sawa na mwenye GPA peke yake.

Na hapa ndipo nirudi kwenye barua. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ni Afisa Tabibu bonde hilo hilo, na mwaka huu anaomba udaktari. Anaomba pia ufadhili wa nje, asiache kitu. Alinitumia barua yake ya maombi niipitie, kwa kuwa mimi ndiye mwandishi wa ukoo. Kurasa mbili alizoambiwa azijaze, alijaza nusu ukurasa. Humo kasema anashukuru, anaomba, na yuko tayari kujifunza. Hakuna hata sentensi moja inayosema kwamba amewahi kufanya jambo zuri. Nikamuuliza mbona hukuandika kwamba uliendesha zahanati peke yako masika nzima maji yalipokata barabara? Akanijibu kwamba hayo wayaseme wengine, yeye akiyasema ni majivuno.

Yuko sahihi, kwa malezi yetu. Sisi tumefundishwa kwamba anayejisifu ana upungufu. Babu zetu walisemewa na tawi, na mganga mkuu ndiye aliyesema huyu RMA apelekwe shule. Sasa mtu wa Scotland asiyekujua anataka ujisemee mwenyewe, kwa Kiingereza, kwa ujasiri, lakini usizidishe. Halafu, pamoja na kwamba Form One mpaka chuo umesomeshwa kwa Kiingereza, vyuo vingi vinataka ulipie IELTS uthibitishe kwamba unakijua. Nasema hili ni gumu kuliko hesabu, na ndilo linalowaangusha vijana wetu wengi wenye akili, sio pasi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ngazi yenyewe inang'olewa. Daraja la AMO limeondolewa kwenye mafunzo. Hoja zipo, na sizipuuzi: madaktari wenye digrii sasa ni wengi, wengine hawana hata ajira. Ifakara yenyewe ina chuo kikuu cha tiba, cha Mtakatifu Fransisko, kilichoanza 2010 kikiwa chini ya SAUT. Wanafunzi pale wanapiga msuli usiku kucha, wanaogopa sapu, wanaogopa kudisko, wanasubiri boom, kama wenzao wa Mlimani. Lakini ngazi ilikuwa inampa mtu ruhusa ya kuchelewa. Ilisema anza na ulichonacho, fanya kazi, utarudi. Sasa tunamwambia mtoto wa miaka 19 kwamba kila kitu kinaamuliwa kati ya Julai na Oktoba, dirisha likifungwa limefungwa, na wenzake wote wanaweka barua zao za kupokelewa kwenye status za WhatsApp.

Azimio la Musoma lilikuwa la mabavu na silitamani. Ila nikilitoa lile tawi na yule katibu, wazo la kwamba mtu afanye kazi kidogo kabla ya chuo halinionekani la kijinga. Ukiwa na miaka 22, umekosa nafasi, na unafundisha kwa kujitolea shule ya kata ya Mang'ula au unasaidia utafiti wa mbu Kining'ina, mwaka 1970 ungeitwa mtu aliye kwenye ngazi. Leo unaitwa mtu aliyekwama.

Mdogo wangu nilimwambia afanye hivi: asijisifu, asimulie. Aandike maji yalipanda lini, dawa zilibaki ngapi, wagonjwa walivukaje, alimpigia nani simu. Ameleta rasimu ya tano jana usiku. Ina kurasa mbili kasoro mistari minne, na ile masika imo yote, mpaka mtumbwi.